Kwa Nini Njia Inapanda Pale Nkungu

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa gurudumu lenye mpini mrefu, nikaambiwa nilisukume kutoka Kamembe hadi nitakapochoka. Lilikuwa gurudumu la kupimia: kila likikamilisha mzunguko mmoja linalia tak, na kila tak ni mita moja ya njia. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya jiografia, na sikuona sababu ya kusukuma kitu kilimani wakati tulikuwa na ramani nzuri ofisini. Nikauliza kwa nini tusipime tukiwa tumekaa.

Niliyemuuliza alikuwa Shefu wa Njia, mkuu wa kikosi chetu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mashavu ya miguu magumu kama viazi vitamu, aliyepima barabara pande zote mbili za mto Rusizi tangu ujana wake.

"Ramani unayo?" akauliza.

"Ninayo, Shefu."

"Weka chini." Nikaiweka. "Kanyaga." Nikaikanyaga. "Unasikia mulima?"

"Hapana."

"Basi sukuma."

Waliozoea kusoma kumbukumbu za kazi hutarajia mwandishi mwenye mvi. Mimi sina hata moja. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne, kwa sababu goti langu la kushoto lilistaafu kabla yangu na daktari akaliunga mkono. Naandika kwa ajili ya vijana wanaoingia katika kazi hii wakiwa na simu zinazowaonyesha njia. Hasa nawaandikia kwa sababu wengi wao wananiuliza swali moja, tena kwa ukali: kwa nini njia yetu, ikifika Nkungu, inaacha usawa mzuri wa mlima na kupanda ukingoni bila sababu, kisha inashuka tena? Wanataka kuinyoosha. Nawaomba wasome kwanza.

Njia yenyewe ni ya watembea kwa miguu, safari ya siku nyingi. Inafuata vilima vya ziwa Kivu, inashuka katika kila ghuba, inapanda kila mgongo, na kuishia Kamembe. Tulianza kuipima miaka ambayo vita vya Kongo, ng'ambo ya mto, vilikuwa vimekwisha redioni, ingawa habari zake bado zilivuka daraja kila asubuhi pamoja na vitenge na samaki. Wengi wetu kwenye kikosi tulizaliwa upande ule na kurudi upande huu wa Rwanda. Mimi nilikulia Bukavu, upande wa Kongo. Nilikuwa nimefanya kazi katika ofisi tatu na kugombana katika zote tatu, kwa sababu kila nikiuliza "kwa nini" niliambiwa "ndivyo ilivyo." Kazi ya njia ndiyo ya kwanza niliyoipenda. Hilo mlikumbuke, kwa maana ndiyo kazi niliyokaribia kuipoteza.

Kabla ya kuniruhusu kuchora njia, Shefu alinipeleka kwenye mpaka wa Rusizi ya Pili, kujifunza kutembea. Nilicheka. Tukasimama asubuhi nzima karibu na daraja, tukiwaangalia akina mama wafanyabiashara kutoka Bukavu wakipandisha na kuteremsha mizigo.

"Angalia miguu," Shefu aliniambia. "Usiangalie bamaman, angalia miguu."

Mama mmoja mwenye furushi la mitumba alimsikia. "Na weye Papa, unaangalia nini? Nyusi zangu?"

"Niko nafundisha mutoto, Maman."

"Fundisha na yeye kubeba, basi!"

Nikabeba furushi lake mpaka juu, nikafika nikihema kama mvukuto, na yeye akifika nyuma yangu akiimba. Hapo juu, nikiwatazama wenzake wakiteremka, ndipo nilipoona: mtu mwenye mzigo hashuki mlima akiutazama uso kwa uso. Huushuka ubavu, mguu mmoja ukiwa breki. Tangu siku ile, mahali pote penye mteremko mkali tulichora njia ya nyoka, inayokwenda kulia na kushoto, ili goti lipate kupumua. Goti langu, hata hivyo, halikupata habari hizo mapema.

Kituo cha pili kilikuwa Butare, sekta ya wakulima hapa hapa wilaya ya Rusizi, si ule mji mkubwa wa wasomi. Nilipelekwa kujifunza kupiga vigingi. Kigingi ni kijiti kilichopakwa rangi, unachokichoma ardhini kila hatua ishirini kuonyesha wachimbaji mahali njia itakapopita. Nilichoma vigingi mia moja kwa siku mbili, kwa mstari uliowapendeza malaika. Baada ya wiki tatu nikarudi, vyote vimepandwa maharage. Mashina yalikuwa yameelekezwa yatambae juu yake, mstari ule ule.

Mwenye shamba alinishukuru kwa mikono miwili. "Miti yako ni mizuri sana. Utaleta mingine?"

Shefu alicheka wiki nzima. Mimi nikajifunza kuomba ruhusa kabla ya kuchoma kitu katika shamba la mtu. Lakini nilijifunza sheria, sikujifunza sababu yake, na hizo ni elimu mbili tofauti.

Kulikuwa na desturi moja ya Shefu iliyonikera kuliko zote. Kila tulipokaribia mgongo wa mlima, kabla vichwa vyetu havijaonekana upande wa pili, alisimama, akaweka kiganja mdomoni na kupaza sauti: "Muraho!" Ni salamu ya Kinyarwanda, kila mtu anaijua. Kisha alingoja. Sauti ikijibu kutoka chini, tuliendelea. Isipojibu, aliita tena. Wakati mwingine alikaa juu ya jiwe robo saa, akiita kila baada ya muda, mpaka mtu fulani mashambani alipochoka na kuitikia. Nilipima: kwa siku moja ya kazi tulipoteza karibu saa nzima kwa salamu.

"Shefu, kwa nini tunaita watu tusiowaona?"

"Sababu batatuona."

"Na wakituona kabla hatujaita?"

Akanitazama. "Weye mutoto ya chuo kikuu, nikikupa sababu utaisukumia ile gurudumu yako. Ita tu."

Sikuita. Yaani, niliita alipokuwepo.

Mwaka wa tatu tulifika Nkungu, na hapo mambo yakawa magumu. Mlima ule ndio uliounganisha sehemu mbili za njia. Wenyeji wake hawakuwa wamekubali wala kukataa. Walisema watatuona kwanza. Mkuu wa ofisi, tuliyemwita Madame Mratibu, alikuwa mwanamke mrefu aliyekulia Bujumbura na aliyesema Kiswahili cha kunyoosha. Aliniita ofisini.

"Shefu wako ana malaria," alisema. "Kesho kutwa wewe utatuongoza, mimi na wageni saba, watembeaji wa kwanza. Tukipita Nkungu vizuri, wenyeji watakubali na utakuwa msimamizi wa sehemu yote ya kusini. Wakikataa, njia tutaishusha barabarani, kwenye malori, na sitakuwa na kazi nyingine ya kukupa nje. Utarudi kwenye meza. Nimesoma barua za ofisi zako za zamani. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilipita kitandani kwa Shefu kumwambia. Alikuwa amejifunika blanketi mbili, anatetemeka.

"Utaita?" aliniuliza.

"Nitaita."

Sikuita. Nilikuwa na nadharia yangu. Wageni walikuja kuona ndege wa msitu na ziwa chini ya ukungu, si kusikia mtu akipiga kelele. Niliwapanga kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, mabegi makubwa mgongoni, nikawaomba watembee kimya kabisa. Walitii vizuri mno. Tulipanda mgongo wa Nkungu kama paka, Madame Mratibu nyuma yangu, tukatokea juu, na ziwa lote likafunguka mbele yetu, visiwa vyake vimeelea na milima ya Kongo imejipanga ng'ambo. Wageni wakashusha pumzi. Nikajipongeza.

Tukashuka hadi nyumba za kwanza. Hapakuwa na mtu.

Nilidhani ni siku ya soko. Halafu nikaona jembe limelala katika tuta lililolimwa nusu. Mkulima hupumzika, lakini jembe lake huliegemeza. Nikaona mlango ukiyumba. Kwenye ua wa nyumba ya tatu, juu ya mafiga matatu, chungu cha maharage kilikuwa kinachemka peke yake, mfuniko unarukaruka.

Madame Mratibu alisema polepole, "Wamekwenda wapi watu wote?"

Mimi nilikuwa nimekwishajua. Nilijua kwa sababu ya kile chungu. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, wakati wa vita, mama yangu aliacha sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, jikoni Bukavu, moto unawaka, kwa sababu tuliona mstari wa watu ukishuka mlimani, kimya, mizigo mgongoni. Hatukungoja kujua ni akina nani. Tulikimbia na nguo tulizovaa. Na sasa, kwa shahada yangu na nadharia yangu ya ndege, mimi ndiye niliyeuleta mstari ule juu ya mgongo wa watu wengine.

Niliwaambia wageni wavue mabegi, wayaweke katikati ya ua, mahali panapoonekana, na wakae chini mbali nayo. Kisha nikaona maharage yanaanza kushika chini. Kuna jambo ambalo sijawahi kujua mpaka leo: ile sombe ya mama iliungua au kuna aliyeiepua? Nikachukua mwiko, nikaanza kukoroga. Na nikaanza kuita. Nilipaza "Muraho!" mpaka sauti ikakwaruza. Nikataja jina langu, jina la baba yangu, mtaa niliokulia, shule niliyofeli hesabu. Wageni walidhani nimeingiwa na wazimu. Niliita na kukoroga, nikakoroga na kuita, hata sijui kwa muda gani.

Mwishowe sauti ikatoka ndani ya migomba, sauti ya mwanamke mzee, kali kama upupu:

"Weye! Unapika ao unajenga nyumba? Koroga pole pole, haiko simenti!"

Sijawahi kutukanwa nikafurahi vile.

"Samahani, Maman!"

"Chumvi umetia?"

"Hapana, Maman."

"Usitie!" Akatokea, kitenge kimefungwa kiunoni, panga mkononi. Alikuwa ameishi Bukavu miaka mingi kabla ya kurudi Nkungu, ndiyo maana, aliposikia mtaa wangu, alinijibu kwa Kiswahili cha kwetu. Watu hapa wanamwita Maman Koleta. Alininyang'anya mwiko, akaonja, akakunja uso. "Imeungua kidogo. Na ile mizigo ya bale bantu ni nini?"

"Nguo, Maman. Na mikate."

"Fungua."

Wageni wakafungua mabegi, moja baada ya jingine. Koti za mvua. Mikate. Karatasi za chooni. Begi la mwisho, la bwana mmoja mnene, likatoa mto wa kulalia wenye maua na tarizi pembeni. Maman Koleta akauinua juu kwa mkono mmoja ili migomba yote iuone.

"Bantu ba vita!" alipiga kelele. "Kuya mwone bantu ba vita na mto yabo!"

Migomba ikacheka. Kwanza mmoja, kisha kumi, kisha mlima mzima ukatoka, wanaume wakijifuta macho, akina mama na watoto migongoni. Bwana mnene alikuwa mwekundu kama nyanya. Tulikula yale maharage yaliyoungua, sote, na mikate ya wageni.

Baada ya kula, Maman Koleta alituambia walichoamua. Njia itapita. Ila isitokee tena mgongoni ghafla, juu ya vichwa vyao. Ipande kwanza kule ukingoni kwenye majani mafupi, ambako mtu huonekana toka mbali akiwa mdogo kama siafu, na wao wawe na nafasi ya kumtazama, kumhesabu na kuamua. "Na aite," akaongeza, akinitazama mimi.

Nilitaka kusema kwamba mteremko wa pale ni mkali kupita kipimo tulichowekewa, na kwamba njia itarefuka bure. Madame Mratibu alinitazama pia.  Kesho yake nikarudi na vigingi, nikavichoma ukingoni, na Maman Koleta akasimama nyuma yangu kuona kama navichoma vizuri.

Shefu nilimsimulia yote, sikuficha. Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa sababu unayo," alisema. Nikamuuliza kwa nini hakunipa tangu mwanzo, tungeepuka aibu yote ile.  "Ile sababu," akasema, "mimi mwenyewe sipendi kuisema." Na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, sikuuliza zaidi. Nikapewa sehemu ya kusini, nikaisimamia mpaka goti likakataa.

Basi, vijana, mkiniuliza kama kule kupanda ukingoni kunahitajika leo, nitasema ukweli: sijui. Watoto wa Nkungu wa siku hizi hawakimbii watembeaji, wanawakimbilia. Labda siku moja mtainyoosha njia na mtakuwa sahihi. Lakini nendeni kwanza mkaulize chini, kwenye nyumba ya tatu.

Mimi mwenyewe, siku yangu ya mwisho kazini, nilitaka kufanya jaribio. Nilipanda ukingo ule peke yangu, nikichechemea, na nilipofika juu sikuita. Nilitaka kuona kitakachotokea. Nikashuka kimya mpaka uani. Maman Koleta alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, chungu kiko motoni.

"Leo umekuwa bubu?" aliuliza bila kugeuka.

"Nilitaka kujua kama bado kuna haja ya kuita, Maman."

"Na umejua?"

"Bado."

"Nilikuona tangu kule juu, na ile goti yako. Siku zote unauliza, siku zote haujue." Akasogea kwenye kigoda, akanyoosha mkono nyuma na kunipa mwiko. "Kuya ukoroge. Na pole pole. Haiko simenti."