Picha ya Magwiji wa Msumeno

Bahgat Zahran alikuwa amechora ndege nyingi kuliko zinazotua Kairo. Ndizo zilizomlisha. Mtu wa Dumyat, mji wa maseremala, akirudi kutoka Makka, humwita Bahgat amchoree safari yake kwenye ukuta wa nje: Kaaba upande huu, ndege upande ule, na mwenyewe katikati ndani ya ihramu, uso umejaa nuru. Waliokwenda kwa meli walichorewa ndege. Waliokwenda na mama mkwe wakagombana njia nzima walichorewa wameshikana mikono. Bahgat hakuwahi kumkatalia mteja neno, na ndiyo maana mahaji wote wa mtaani walifanana: masharubu yaleyale, macho yaleyale, na shavu nene la mtu aliyeshiba.

Si kwamba hakujua kuchora sura. Ujanani alichora mabango ya sinema, na watu walikuwa wakisimama barabarani kubishana kama yule mwigizaji amenuna au anacheka. Kisha sinema ikageuzwa duka la vitanda, kama kila kitu Dumyat kinavyogeuka duka la vitanda, naye akahamia kwenye kuta. Ukutani mtu hataki sura yake. Anataka sura ambayo angekuwa nayo kama Mungu angemshauri kwanza.

Siku moja karakanani kwa Bahgat akaingia Haji Mitwalli, mfanyabiashara wa seti za vyumba vya kulala na mwenyekiti wa klabu ya Msumeno. Klabu hiyo ilianzishwa na maseremala, na kwa sababu hiyo ilikuwa na kabati la vikombe zuri kuliko klabu yoyote ya Misri: mbao ngumu za mti wa zani, vioo vilivyochongwa kingo, bawaba za shaba. Ndani ya kabati palikuwa na birika la chai na glasi zake. Kikombe chenyewe walikuwa bado wanakisubiri.

"Fundi Bahgat," akasema Haji, "klabu yetu inatimiza miaka sabini. Nataka picha moja kubwa ya ukumbini. Magwiji wote wa Msumeno, wa enzi za babu zetu mpaka wa leo, wamesimama pamoja kama ndugu wa tumbo moja."

"Magwiji gani, Haji?"

"Usianze."

"Nauliza nijue ubao uwe mkubwa kiasi gani."

"Mkubwa. Na katikati uniweke mimi."

Bahgat akaweka brashi chini. "Kwani wewe ulicheza namba ngapi?"

"Mimi ndiye niliyenunua jezi, bwana. Bila mimi wangecheza na fulana za ndani."

Bahgat hakusema ndiyo wala hapana. Alimkaribisha chai tu, na Haji, aliyezoea kuuza, akahesabu kimya kile kuwa makubaliano.

Tatizo halikuwa Haji. Tatizo lilikuwa hao ndugu wa tumbo moja. Wawili kati yao, Kapteni Sabri na Kapteni Raafat, walikuwa hawajasemeshana kwa miaka arobaini, na Kapteni Sabri alikuwa shemeji yake Bahgat, kaka wa damu wa mkewe Inshirah.

Kisa kilikuwa penalti. Msumeno walikuwa wanacheza na timu ya Mansura mechi ya kupanda daraja, zimebaki dakika chache, refa akapuliza. Sabri akaushika mpira. Raafat naye akaushika. Wakavutana nao kama wanawake wawili waliokutana sokoni kwenye kitambaa cha mwisho. Kipa wao, Hamama, akatoka golini kwake akakimbia uwanja mzima kuja kuwaamua. Hatimaye Sabri akapiga, na akapiga kweli: mpira ukapita juu ya mwamba, ukapita juu ya ukuta, ukaangukia paa la kiwanda cha halua. Msumeno hawakupanda. Haukupatikana hata mpira.

Tangu siku hiyo, kimya. Na ili kimya hicho kiwe na ladha, Mungu akawapangia jengo moja, Sabri ghorofa ya tatu, Raafat ya nne. Mke wa Raafat akishusha kikapu kwa kamba kununua mkate, Sabri aliyekaa roshani hukigeuzia uso kikapu mpaka kipite, na kikipanda na mkate hukigeuzia tena. Hamama ndiye aliyekuwa akiwatembelea wote wawili, anakunywa chai chini, anapanda anakunywa chai juu, akipeleka salamu ambazo hakuna aliyemtuma. Alipofariki, walilibeba jeneza lake pamoja, mmoja mbele kulia, mwingine nyuma kushoto, bila kutazamana.

"Mtie kaka yangu mahali pa heshima," Inshirah akamwambia mumewe wakila maharage asubuhi.

"Wote wana mahali pa heshima, Mama Nadia."

"Wote ni wote. Mimi nasema kaka yangu. Na huyo wa ghorofa ya nne mweke nyuma ya mtu mrefu."

Sabri mwenyewe alikuja karakanani na picha yake ya zamani, ya enzi ambazo nywele zake zilihitaji chanuo la mbao.

"Shemeji, uso huu hapa. Usinichoree huu wa sasa, huu ni wa daktari wa figo."

"Sawa, Kapteni."

"Mpira uwe chini ya mguu wangu. Na usinisimamishe karibu na yule mtu."

"Mtu gani?"

"Unamjua. Sitaki kulitia jina lake mdomoni, nimetoka kupiga mswaki."

Alipoondoka tu akaingia Raafat, ambaye bila shaka alikuwa amesimama kwenye duka la pili akimsubiri mwenzake atoke. Yeye hakuwa na picha. Alikuwa na maelezo.

"Mimi nilikuwa mrefu zaidi ya nilivyo," akasema. "Mifupa imerudi ndani. Mpira uwe mguuni kwangu, wa kushoto, kila mtu anajua mguu wangu wa kushoto. Na yule wa ghorofa ya tatu, kama lazima awemo, awe upande wa pili kabisa."

"Mpira ni mmoja, Kapteni Raafat."

"Ndivyo nilivyomwambia hata siku ile," akasema Raafat, akatoka.

Akaja pia mshambuliaji wa sasa, kijana aliyefunga mabao matatu katika msimu mmoja na kwa hiyo kuitwa gwiji na Haji Mitwalli. Huyu alitaka tu achorewe mtindo wa nywele ambao alikuwa bado hajaupata, ila angeupata kabla ya sherehe. Baada yake wakaja wajukuu wa waasisi, kila mmoja na ushahidi kwamba babu yake ndiye aliyegundua soka Dumyat.

Bahgat akachora. Waasisi aliwapa kaptura zao pana na kofia za tarbushi. Wa enzi za katikati akawapa masharubu, maana walikuwa nayo kweli. Sabri akamweka kushoto na nywele zake zote. Raafat kulia, na urefu wote aliodai. Mpira hakuuchora kabisa. Katikati akabaki na pengo la ukubwa wa mtu mmoja. Haji alikuwa anapita kila siku dirishani kulitazama pengo lile kwa mahaba, huku akivuta tumbo ndani.

Bahgat akashindwa kulijaza. Alianza na tai ya Haji mara mbili, mara mbili akaifuta. Wakati akiifuta ndipo akamkumbuka Hamama, na akaona aibu kwamba alikuwa ameshampangia nafasi nyuma, kati ya nguzo ya goli na bendera ya kona.

Hamama hakuwa na picha nzuri. Katika zote alikuwa ameruka, au ameanguka, au tope limemjaa usoni. Lakini Bahgat alimjua tangu enzi za sinema, maana Hamama ndiye aliyekuwa akija kumshikia ngazi mabango yakipandishwa, bila kuombwa, kisha anaingia bure kuona filamu na kutoka analia hata kama ilikuwa ya kuchekesha. Uso ulikuja polepole. Mikono ilikuja yenyewe: mikubwa kama makasia, kidole cha mwisho cha kulia kimepinda kwa mpira uliomvunja akakataa kutoka uwanjani. Mkono mmoja akauweka begani kwa Sabri. Wa pili akauweka begani kwa Raafat. Alipomaliza aligundua kwamba chai yake imepoa na kwamba amekuwa akiongea peke yake, akimwambia mtu asimame vizuri.

Inshirah akaja na chakula, akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Ndiye," akasema. Hakusema lolote kuhusu kaka yake.

Haji Mitwalli yeye alisema mengi.

"Niko wapi?"

"Hupo, Haji."

Neno lile lilimshangaza Bahgat kuliko lilivyomshangaza Haji. Hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

"Umemweka maiti mahali pangu!"

"Yeye alikuwepo kabla yako. Nilikutafutia nafasi nikaikosa."

"Mimi ndiye ninayekulipa!"

"Basi usinilipe."

Haji akatazama picha, akamtazama Bahgat, akakumbuka kwamba kadi zimeshapelekwa mpaka ofisi ya gavana, akaondoka akiubamiza mlango ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuuza.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Viti vya kunakshi vilipangwa, vizuri na vya kuumiza mgongo. Sabri alikaa mwisho wa safu moja, Raafat mwisho wa safu nyingine. Pazia likavutwa. Watu waliokuja tayari kupiga makofi wakasahau kupiga.

Sabri ndiye aliyeinuka kwanza. Akaenda mpaka mbele ya ubao, akanyoosha mkono, akagusa kidole kilichopinda.

"Amemchora na kidole chake," akasema.

"Begani kwangu amekaza zaidi," ikasema sauti upande wa pili. Raafat naye alikuwa amefika, na alikuwa akizungumza na ukuta.

"Amekaza ili usikimbie."

"Nikimbie nini? Aliyekimbiza mpira mpaka kwenye halua ni mimi?"

"Ningekuachia wewe ungeupeleka Mansura kwenyewe!"

"Ningepiga kushoto! Kushoto, Sabri! Kipa wao alikuwa ameshalala kulia, hata wauza njugu za lupini jukwaani waliona!"

Watu wakaanza kuinuka ili wawaamue. Inshirah akawazuia kwa mikono miwili. "Waacheni! Wamenyamaza miaka arobaini, wana malimbikizo."

Sabri akageuka. Akamtazama Raafat, usoni hasa, kama mtu anayetafuta nyumba aliyohama zamani.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Kwamba kipa kalala kulia. Niliona mguu ukiwa tayari hewani. Kila nikilala namwona."

Raafat akakohoa. Akavuta kola ya shati lake.

"Hamama alinikataza kukuambia," akasema mwisho, "lakini hata mimi miguu ilikuwa inatetemeka. Ulipouvuta mpira, nilimshukuru Mungu."

"Mshenzi wewe! Miaka arobaini!"

"Punguza sauti, goti lako hilo halifai kusimama. Twende nyumbani."

Wakatoka wameshikana mikono, wakitukanana, nusu ya ukumbi ikiwafuata ili isikose hata tusi moja. Haji Mitwalli akapanda jukwaani kutoa hotuba yake ndefu kuhusu umoja wa vizazi vya Msumeno. Aliitoa yote, mbele ya naibu wa gavana, mpiga picha, na viti.

Haji hakukubali kushindwa. Wiki haijaisha akamwita mtu wa kupulizia rangi makabati na vichwa vya vitanda, akaongezwa pembeni, ndani ya suti, anang'aa kama kabati jipya. Wageni wakija klabuni huuliza kwa adabu kama huyo ndiye dereva wa basi la timu.

Msimu ule Msumeno wakashuka daraja. Haji akaanguka kwenye uchaguzi, akaja mwenyekiti mwingine, huyu wa meza za chakula, akamwita Bahgat kwa heshima nyingi.

"Fundi, mfute huyu bwana, halafu pale pale unichore mimi."

"Nusu ya kazi hiyo naiweza," akasema Bahgat, na akaifanya asubuhi hiyohiyo.

Sasa kila Ijumaa Inshirah hupika bata, maana kaka yake haji tena peke yake. Huja na huyo wa ghorofa ya nne, ambaye anakula kwa wawili na kulalamika kwa watatu kwamba wali una chumvi. Wakishiba huanza upya: mguu upi, pembe ipi, refa alikuwa wapi. Bahgat hukaa kati yao akinyonya mfupa. Wakizidisha kelele huweka mkono mmoja begani kwa huyu na mwingine begani kwa yule, na wao hupunguza sauti kidogo, si sana.