Kitasa cha Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliniita niende kwake Kimuli katikati ya miaka ya themanini. Ujumbe ulikuja na dereva wa lori la kahawa, ambaye alisimama mbele ya banda langu la useremala pale Bugene bila hata kuzima injini. "Shemeji yako anasema uje na patasi zako, na mbao ngumu za mlango. Usikawie."

Nilijua anaumwa. Wengi walikuwa wanaumwa miaka ile, na mafundi kama mimi hatukukosa kazi. Vitanda na meza tuliviweka kando tukawa tunatengeneza majeneza. Lakini mtu wa kwenu humfikirii hivyo. Nilichagua mbao za mvule zilizokauka vizuri, nikafunga vifaa kwenye gunia, nikapata lifti siku ya pili yake.

Dada alinikuta kwenye njia ya kibanja, katikati ya migomba. Hakuuliza habari za nyumbani. Alinipokea gunia, akasema, "Usishtuke ukimwona."

Nilishtuka. Huyu alikuwa mtu wa kujitwisha gunia la kahawa peke yake na kutembea huku anapiga hadithi. Sasa alikuwa amelazwa sebuleni ili apate mwanga wa mlangoni, blanketi limefika kifuani, na mikono juu yake imebaki mirefu tu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja na patasi?"

"Ninazo."

Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kitu kilichozungushiwa karatasi ya mfuko wa saruji. Ndani yake mlikuwa na kitasa kipya, bado kina grisi. Alikinunua Mwanza alipokwenda kutibiwa. Hakikuwa kama vile tulivyozoea kuvipigilia juu ya ubao kwa skrubu nne. Kilikuwa kizito, cha kuzamishwa chote ndani ya mbao, likabaki linaonekana tundu la ufunguo tu. Muuzaji alimwambia kina vibapa vitano vya chuma ndani, na mwizi hawezi kukifungua kwa waya.

"Huku kuna wezi siku hizi?" nikamuuliza.

"Si wezi. Ni kaka yangu."

Kwao walizaliwa wanaume watatu. Yule mkubwa alikuwa hai, mwenye ng'ombe na sauti kwenye ukoo. Wa katikati alikuwa amekufa miaka miwili nyuma kwa ugonjwa huohuo, na mke wake alitolewa kwenye nyumba kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Shemeji yangu alikuwa wa mwisho.

"Mimi nilikuwepo," akaniambia, macho yake yako kwenye dari. "Ule mlango ulikuwa na komeo la mti. Tuliusukuma kwa bega, mimi na kaka. Mama wa watu alikuwa amejifungia na watoto. Kungekuwa na kitasa kama hiki tusingeingia, shemeji. Tungechoka, tungerudi nyumbani."

Dada alikuwa jikoni. Sijui kama alisikia.

Kazi ilinichukua siku mbili. Mlango wa zamani ulikuwa wa mbao nyembamba zisizoweza kubeba kitasa cha namna ile, kwa hiyo nilitengeneza mwingine, na fremu yake. Kisha nikapima kwenye ukingo wa mlango, nikachora kwa penseli, nikatoboa matundu kwa keekee moja chini ya jingine, nikaanza kuyaunganisha kwa patasi. Ni kazi ya subira. Ukichimba pana, kitasa kinacheza. Ukichimba kwa kupinda, ufunguo unakwama. Muda wote huo yeye alikuwa amelala hatua chache kutoka nilipo, anasikiliza.

"Umefika wapi?"

"Nusu."

"Usiharakishe."

Nilikuwa nachimba, nalainisha, nakiingiza kitasa, nakitoa tena. Upande wa fremu nilichimba tundu la kupokea ulimi wa kitasa, nikalifunika kwa bapa la chuma. Sijawahi kuweka kitasa kingine kwa uangalifu ule. Na muda wote nilikuwa nauona ukuta. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, na upande wa jikoni udongo ulikuwa umeshaanza kubanduka. Mtu mwenye jembe asingehitaji hata kuugusa mlango.

Nilipomaliza alitaka kuufunga mwenyewe. Dada alimshika huku, mimi huku, tukamfikisha. Akaingiza ufunguo, akajaribu kuuzungusha. Haukwenda. Akajaribu tena, jasho likamtoka, na nikaona anaanza kuamini kwamba kitasa ndicho kibovu. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukazungusha pamoja mara mbili. Ulimi ukaingia kwenye chuma kwa mlio mzito.

"Sasa hawaingii," akasema.

"Hawaingii, shemeji."

Alifariki baada ya wiki tatu.

Nilirudi kwa ajili ya msiba. Mlango wangu ulikuwa wazi, na jiwe limeuzuia usijifunge. Ingekuwaje vinginevyo? Waombolezaji hawafungiwi mlango. Nyasi zilitandazwa sakafuni, ukoo mzima ukaingia na kukaa, kaka mkubwa akiwa wa kwanza, mahali palepale kilipokuwa kitanda cha marehemu. Alilia kwa uchungu wa kweli. Nasema hivyo kwa sababu nilimwona. Na alipomaliza kulia hakuondoka.

Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo walikaa uani. Dada aliitwa, akapiga magoti, akawaamkia. Mtoto wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa mgongoni.

"Mama," kaka mkubwa akamwambia kwa upole, "tunaomba ufunguo."

"Nyumba ni ya watoto, shemeji."

"Ni ya watoto, ndiyo. Na watoto ni wa ukoo huu. Sisi hatumfukuzi mtu. Ukitaka kwenda kwenu kupumzika, nenda na huyo anayenyonya. Wale wawili watabaki hapa kwa baba yao mkubwa."

Nilisimama. Nikasema marehemu aliniita mwenyewe, akaniambia kwa kinywa chake anataka nini. Mzee mmoja akainua mkono taratibu.

"Wewe ni fundi, kijana wetu. Mlango umetengeneza vizuri, tumeuona. Tunakushukuru."

Dada alikwishafungua pindo la khanga yake. Alitoa ufunguo akaukabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni kikombe cha maji.

Tulijaribu. Nilimsindikiza dada mahakamani mara tatu. Mara ya kwanza karani alitutuma tukalete mashahidi wa ukoo, na mashahidi wa ukoo walikuwa wale wazee wa uani. Mara ya pili hakimu alikuwa safarini. Mara ya tatu dada alikaa kwenye benchi kwa muda, kisha akainuka, akasema mtoto ana joto, turudi.

Aliishi kwa wazazi wetu, Kituntu. Alilima, alivuna maharage, alikwenda kanisani. Msimu wa mvua uliofuata akaanza kukohoa. Siku moja tukiwa tunachambua maharage nilimuuliza jambo lililokuwa likinikera: kwa nini alitoa ufunguo upesi vile, bila hata kupiga kelele, majirani wasikie.

Aliendelea kuchambua.

"Siku walipomtoa yule mwenzangu," akasema, "mimi ndiye niliyebeba masufuria yake kuyaleta kwangu. Mpaka mume wangu anakufa nilikuwa nayapikia. Ningepiga kelele gani?"

Nikachota maharage mengine, nikachambua.

Mtoto ndiye aliyetangulia, kabla hajajua kutembea vizuri. Dada alimfuata miezi michache baadaye. Nilimtengenezea jeneza mimi mwenyewe, kwa mbao zilizokuwapo bandani.

Nilikwenda Kimuli kuwaombea ruhusa wale watoto wawili waje kumzika mama yao. Baba yao mkubwa alinipokea vizuri, akanikaribisha ndani, akaniletea maji ya kunywa. Alisema mvulana anachunga na hawezi kuacha ng'ombe, ila binti atakuja na shangazi yake.

Walikuja asubuhi ya mazishi. Binti alikuwa amerefuka. Aliniamkia kama wanavyoamkiwa watu wazima wote, kwa heshima, bila kuniangalia usoni, akaenda kukaa upande wa watu wa ukoo wake. Alitupa udongo alipoambiwa atupe. Baadaye nilimpelekea chai, akainywa yote. Shangazi yake akasema njia ni ndefu, wakaondoka.