Udongo Tuliopandisha Kilimani

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata nisipotaka. Jana umeniambia utakodi trekta ulime mteremko wa mjomba wako kwa siku moja. Leo nisikilize.

Ilikuwa miaka ile walipoanza kusema soko huria. Zamani ushirika ulituletea mbegu na dawa, kisha ukanunua pamba yetu. Sasa walikuja wanunuzi na magari yao, na msimu uliofuata hawakuja. Pamba ililala ndani mpaka panya wakazaa humo. Nilikuwa na mke na mtoto mmoja, dada yako, na mikono isiyo na kazi. Ndipo nikajiunga na kikundi cha bustani cha akina mama hapa Mwamapalala. Vijana wenzangu walinicheka mpaka wakachoka: dume zima linamwagilia kabichi!

Kiongozi wetu alikuwa Mayu Kwandu, mama wa kikundi chote, mjane aliyeolewa miaka mingi milimani Usambara, akarudi kwao na ujuzi wa kulima penye mteremko. Yeye ndiye aliyechagua kile kilima cha mawe nyuma ya nyumba yetu. Bondeni ng'ombe walikula kila kitu. Juu kulikuwa na ubaridi ambao kabichi huupenda, na shimo la mwamba lililotunza maji ya mvua. Lakini udongo haukuwepo, ni luseni tu, mchanga usioshika hata mchicha. Basi akaweka sheria: hakuna kupanda kilimani mikono mitupu. Kila aendaye abebe kapu la udongo mweusi wa mbugani, na jiwe moja.

Mawe tuliyapanga kukingama mteremko, udongo tukaumwaga nyuma yake. Miche tuliisogeza karibu na mawe, kwa sababu upepo wa alfajiri kule juu unauma, na jiwe hutunza joto la mchana. Haba na haba hujaza kibaba. Misimu mitatu tulibeba, na mwishowe tukala kabichi zetu, nyingine tukapeleka Bariadi sokoni.

Kisha Mayu Kwandu akaenda Nyashimo kumuuguza binti yake. Aliniita kabla ya kuondoka.

"Maduhu, mkipanua, panueni polepole. Mawe msiyaguse."

"Ndiyo, Mayu."

Nilisema ndiyo ya mdomoni. Mvua ilikuwa karibu, nami nilitaka akirudi akute maajabu. Nikapandisha ng'ombe wa baba na jembe lao. Ng'ombe hawawezi kugeuka penye vipande vyembamba vile, kwa hiyo nikang'oa mawe, nikalima kutoka juu kushuka chini, mistari imenyooka kama shamba la pamba. Asubuhi moja tu! Akina mama wakapiga vigelegele. Mama yako peke yake aliuliza, "Na mawe?" Nikamjibu kwamba tutayarudisha.

Mvua ilitutangulia. Siku ya tatu, mchana, ilinyesha kama imetumwa. Maji yalifuata mistari yangu iliyonyooka, meusi, yakikimbia. Nililala ndani ya mfereji mmoja niyazuie kwa mwili. Yalinipita ubavuni na udongo wetu. Ilipokatika, kilima kilikuwa mwamba mtupu, umeoshwa, unang'aa.

Mayu Kwandu aliporudi hakufoka. Bora angefoka. Tulipanda wote wawili, akaukwaruza mwamba kwa ukucha.

"Kabichi zingeoza ningepanda nyingine," akasema. "Udongo huu aliubeba nani, Maduhu?"

Nikaokota jiwe, nikalirudisha palipokuwa mstari wa kwanza.

"Mkeo aliubeba na mimba ya miezi saba. Ulimuuliza mgongo wake kabla ya kung'oa mawe?"

Ndani ya mimba ile ulikuwemo wewe, mwanangu. Ulipanda kilima kile kabla hujazaliwa.

Mayu Kwandu hakupanda kilimani tena. Alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata. Kikundi kilivunjika, kila mmoja akatafuta vibarua kwenye mpunga wa watu. Mama yako hakunilaumu hata siku moja, mpaka kufa kwake, na hilo ndilo linaloniuma. Miaka yote hii napanda na kapu langu. Usidhani nimejenga kitu. Ninachopandisha mwezi mzima, mvua moja hukishusha, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kupanga mawe ya watu ishirini. Nimebakiwa na kipande kama mkeka, na mchicha wake ni mwekundu kwa njaa. Najua nitakufa kilima kikiwa cheupe.

Basi shika hili. Ukikuta mawe yamepangwa mteremkoni, uliza aliyeyaweka kabla hujayagusa. Kazi iliyojengwa kwa migongo ya wengi usiifupishe kwa nguvu zako peke yako, hata wakikupigia vigelegele. Usimwambie mkubwa ndiyo usiyokusudia. Na anayekuuliza swali dogo katikati ya shangwe, simama umsikilize. Majuto ni mjukuu, husema wahenga. Wangu nimemlea mpaka amezeeka nami.

Mungu akupe mvua ya taratibu, mwanangu. Udongo wako ubaki shambani kwako, na mkeo akikasirika, akuambie wakati ungali na masikio ya kumsikia.