Ndege wa Minjila na Kipepeo wa Malindi

Mjukuu wangu alipooa, alinijia peke yake kuniomba nifunge mdomo. Anaongea kwa pua huyo, kama mbuzi aliyenyimwa majani. "Nyanya, tafadhali. Huyu ametoka Malindi, utani wa huku hajauzoea." Mama wa msichana alikuwa ameshamwambia bintiye, chumba chako hatukigusi, ukichoka na hicho kijiji cha Hewani rudi. Mjukuu wangu usingizi hana, anaogopa mkewe atamkimbia.

Nikasema sawa. Lakini mimi na kunyamaza wapi na wapi? Huku kwetu mke wa mjukuu ni mke mwenzangu. Nisipomtania atajuaje kama amepokewa?

Asubuhi akatoka nje, mwembamba, leso nyeupe, ncha za vidole zimekolea hina. Nikakumbuka wale vipepeo weupe wanaotokea mvua ikikatika, wenye ncha za mabawa rangi ya chungwa. Nikamwambia, "Mke mwenza, wewe kipepeo. Leo unapepea hapa, jua likipanda tukutafute wapi?" Nikapepea uani kote, vidole juu.

Hakucheka. Akaingia ndani, tukasikia begi linafunguliwa. Mjukuu wangu akaniangalia kama mwizi wa kuku. Nikajua ndiyo anaondoka.

Kumbe anatafuta leso nyeusi. Akatoka amejifunika gubigubi, kitambaa chekundu shingoni, akaanza kutembea uani polepole, mguu mzito, mguu mzito, anachungulia masufuria yangu kama anatafuta panzi. Nikamjua ndege huyo hapo hapo, yule mkubwa mweusi wa malishoni Minjila, koo jekundu limefura, mabawa anayo lakini anakwenda kwa miguu kama anakagua ng'ombe wa watu. Jana maharusi wakija, gari lao lilisimama kumpisha barabarani.

Akasimama mbele yangu, akanguruma. "Huu, huu-huu. Nani kafagia? Nani kachota maji? Nani bado amelala?"

Sauti yangu hiyo. Tangu alfajiri alikuwa ananisikia kupitia ukutani. Hata kikohozi alikiweka.

Nimeiga kijiji kizima, mchungaji, chifu, marehemu mume wangu akikoroma. Mimi hakuna aliyewahi kuniiga. Nilicheka mpaka nikakaa mchangani, na yeye akakaa pembeni yangu, tunapigana mabega.

Jioni mama yake akapiga simu, sauti nyembamba, anauliza kama atume gari.

"Usitume, mama," akasema. "Kuna mzee hapa sijamalizana naye."