Kutoka meli ya watalii hadi jiko la wazee Kwihara: mpishi asiyekubali jibu la "chochote"

Saa moja na nusu asubuhi, kwenye nyumba ya wazee iliyoko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, uji umeshanywewa na vikombe vinaoshwa. Mpishi hayumo jikoni. Yuko bwenini, amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha tatu, daftari mapajani, anamsikiliza bibi mmoja anayemweleza jinsi mama yake alivyokuwa akichanganya unga wa mtama na wa muhogo.

Anaitwa Veneranda Lusangija, ana miaka 43. Anauliza, anaandika, anauliza tena. Akimaliza kitanda cha mwisho ndipo anapokumbuka kwamba kuna maharage ya kubandika.

"Wapishi wenzangu wanaanza na kuni," anasema huku akicheka. "Mimi naanza na umbea."

Mwandishi wa makala haya naye hakusalimika. Alipoulizwa angependa kula nini mchana, alijibu kama alivyolelewa: chochote tu, dada. Veneranda akamwambia kwamba chochote hakipikwi hapo, akasubiri na kalamu yake mpaka mgeni akakiri, kwa aibu kubwa, kwamba anapenda mlenda.

Kazi hii ya kuuliza aliisomea mbali. Kwa miaka tisa Veneranda alikuwa mhudumu katika ukumbi wa chakula wa meli kubwa ya kitalii, mojawapo ya zile zinazobeba abiria zaidi ya elfu mbili na kuzunguka nao wiki nzima wakila na kulala. Alikwenda huko akitokea hoteli moja ya Zanzibar, baada ya wakala kumfanyia usaili wa dakika kumi na tano na kumwambia atabasamu.

Kila jioni mezani palikuwa na orodha ya vyakula iliyochapwa kwenye karatasi nzito. Lakini abiria wazoefu walijua kwamba unaweza kuomba kisichoandikwa, mradi useme leo ili upikiwe kesho. Bwana mmoja mwenye suti aliomba mayai mawili ya kuchemsha, jioni saba mfululizo. Familia moja ilitaka dengu za kwao. Mzee mwingine alitaka samaki asiye na mchuzi, asiye na chumvi na asiye na kichwa, kwa sababu kichwa kilikuwa kinamtazama.

Veneranda alijifunza haya kwa kuumia. Wiki yake ya kwanza, mwanamke mzee aliyekuwa akisafiri peke yake alimuuliza kwa sauti ya chini kama angeweza kupata viazi vya kuponda na kabichi, kama walivyokuwa wakila nyumbani kwao. Binti wa Kwihara akashtuka. Kwao, mgeni anayewekewa chakula na kutaja kingine amekutukana wewe, mama yako na jiko lenu lote.

Kwa hiyo hakupeleka ombi jikoni. Aliomba radhi mara tatu, kisha akamletea yule mama samaki wa kwenye orodha, kipande kikubwa zaidi, akimbembeleza ale kwani ni mtamu. Jioni ya pili akafanya hivyo hivyo. Mama yule alikula kwa adabu, akashukuru. Jioni ya tatu hakuja mezani.

"Mkuu wa ukumbi aliniita akaniuliza nimemfanya nini yule mama," anakumbuka. "Nikamwambia alikikataa chakula chetu, mimi nikajitahidi kumtuliza. Alinitazama kama mtu aliyeona maajabu. Akaniambia, hakukikataa. Alikwambia kwao wanakula nini, na wewe ukamwambia anyamaze."

Alipewa onyo la maandishi. Alilia chooni, anasema, na kilichomliza si lile onyo. Alimwomba mpishi viazi na kabichi, akavipeleka mwenyewe hadi chumbani kwa yule mama, na mpaka leo hawezi kusimulia alivyopokelewa bila kufuta macho kwa kanga.

Akawa fundi wa maombi. Kwa mshahara na bakshishi, mwezi mzuri ulimpa kama dola 900, na kwa fedha hizo alimjengea mama yake nyumba ya matofali ya kuchoma. Meli zilipotia nanga wakati wa korona alirudi nyumbani, akapata kazi katika hoteli moja ya Igunga ambako mabasi ya Mwanza husimama kwa chakula. Abiria wana dakika ishirini, kuku au nyama, na kondakta anapiga honi. Hakuna aliyemweleza chochote kuhusu kwao.

Mwezi Julai mwaka huu alisikia kanisani kwamba nyumba ya wazee inatafuta mpishi. Sista Koleta, anayeisimamia, hamfichi mtu hali ilivyokuwa. Wazee ni 23, na muuguzi alipowapima kabla ya kiangazi, 14 walikuwa wamepungua uzito. Chakula kilikuwepo, ugali na maharage, ugali na dagaa, na kilipikwa vizuri. Sahani zilirudi zimejaa. Aliyefaidi ni jirani mmoja, Valentino, ambaye nguruwe wake walichukua ndoo mbili za mabaki kila siku.

Veneranda alipoeleza mpango wake wa kuwauliza wazee wanachotaka, sista alicheka, kisha akampa mwezi mmoja, Agosti. Sufuria kubwa ingebaki palepale, na pembeni angepika vyungu vinne vidogo kila siku, kwa zamu, kila mzee apate ombi lake mara moja kwa wiki. Kama mwisho wa mwezi ndoo zingekuwa bado zinajaa, wangerudi kwenye sufuria moja na mpishi wa bei nafuu. Mshahara wa Veneranda ni shilingi 300,000 kwa mwezi.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Alipita na daftari lake kama alivyopita kwenye meza za meli, shikamoo, marahaba, ungependa nikupikie nini kesho? Wazee 23, jibu moja. Chochote, mwanangu. Chochote utakachojaliwa. Ndoo zikaendelea kujaa na Valentino akaendelea kushukuru.

"Nilisahau mimi mwenyewe nimetoka wapi," anasema. "Mtu mzima ukimuuliza anataka nini, unamfanya ombaomba. Atakufa na njaa kabla hajakwambia. Mimi ndiye niliyekuwa natakiwa kujua hilo kuliko wote."

Aliyemfungulia njia ni Bibi Recheli, Mmoravian wa miaka 78, mwenye ulimi mkali, ambaye hupenda kukaa jikoni akikosoa. Siku moja walipokuwa wakimenya viazi vitamu, Veneranda aliacha kuuliza habari za kesho. Akamuuliza mama yake alikuwa akiwapikia nini wakirudi kupalilia. Bibi akaanza kusema na hakunyamaza mpaka viazi vikaisha: michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa juani, ikichemshwa na karanga za kutwanga, na karanga zenyewe zisikaangwe sana, si kama wanavyofanya wasichana wa siku hizi.

Kesho yake mchana bibi alikuta bakuli la michembe mbele yake. Hakusema asante. Alionja, akasema karanga zimekaangwa sana, akamaliza bakuli.

Baada ya hapo Veneranda hakuuliza tena mtu anataka nini. Aliuliza habari za mama, za shangazi, za sherehe ya kipaimara, za chakula cha siku ya kutoka jela, kwani mmoja alipitia huko. Bibi Asmahani, aliyezaliwa mjini Tabora, alizungumza nusu saa kuhusu mkate wa kumimina. Mwingine alitaka uji mwepesi wenye ndimu tu, na akaunywa wote. Kufikia wiki ya tatu ndoo ya mabaki ilikuwa moja, haijai, na Valentino alikuja kuuliza kwa upole kama wazee wanasafiri.

Amebaki mmoja. Mzee Kornel, miaka 81, aliletwa na mpwa wake kutoka Usinge mwezi Mei, baada ya kufiwa na mkewe. Ana kilo 44. Muuguzi anasema hana ugonjwa wowote. Anakula matonge matatu, anasogeza sahani, anasema ameshiba. Veneranda alipomuuliza mama yake alikuwa akipika nini, alijibu kwamba mama yake alifariki yeye akiwa mdogo na hakumbuki, akageukia ukutani.

"Nilijichukia siku hiyo," anasema Veneranda. "Na niliogopa. Wengine wote wakila na huyu akatuponyoka, kwangu itakuwa nimeshindwa, hata sista aseme nini."

Ijumaa ya mwisho ya Agosti Sista Koleta alimwita ofisini. Wazee kumi na mmoja kati ya wale kumi na wanne walikuwa wameongezeka uzito. Alimpa mkataba wa mwaka mzima. Veneranda ana mipango nao: ekari moja ya mama yake ailime kunde, njugu mawe na viazi vya kuanika, na mwakani awafundishe wapishi wa nyumba nyingine za wazee kuuliza. Alipotoka ofisini hakwenda kusherehekea. Alimpigia simu mpwa wa Mzee Kornel, akamuuliza maisha ya mjomba wake yalikuwaje.

Mpwa alimwambia kwamba mzee alikuwa mrina asali. Nusu ya kila mwaka alikaa porini na mizinga yake, kambini, peke yake.

Jumapili baada ya misa, mwandishi akiwepo, Veneranda alipeleka bakuli la uji hadi kwenye kiti cha Mzee Kornel uani. Alimsalimu kwa Kinyamwezi, akachuchumaa.

"Mzee, kule kambini," alisema, "ulikuwa unajipikia nini?"

 Mzee akainua kichwa.

"Uyoga," alisema. "Mbichi. Ule wa mvua za kwanza, unaota chini ya miti ya miyombo. Na karanga na asali kidogo. Mke wangu alikuwa anasema asali inaharibu. Haiharibu."

Ilikuwa mwisho wa Agosti, kiangazi, ardhi ya Tabora imekauka. Sokoni uyoga wa kukaushwa upo, lakini mzee aliukataa kwa ishara ya mkono kabla haujatajwa vizuri. Melini, stoo ilikuwa na kila kitu kutoka kila nchi. Hapa palikuwa na vumbi na mzee wa kilo 44 aliyetaja chakula kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Veneranda hakumdanganya. Alimwambia mvua zinaanza Novemba, na kwamba uyoga ukitoka atapanda basi mwenyewe hadi Usinge kuufuata, Desemba, na mpwa wake atamwonyesha mahali. Uso wake ulionyesha wazi alichokuwa akikihesabu. Ni miezi mitatu na zaidi.

Mzee Kornel alilitazama bakuli la uji, akalitazama lango, akarudi kumtazama mpishi. Alionekana kukasirika kidogo.

"Desemba ni mbali, mwanangu," alisema. "Sasa mpaka hapo nitakuwa nakula nini?"

Veneranda akavuta stuli, akakaa.