Hita Iliyozimika Kila Magharibi

Hita ile ya gesi iliwaka vizuri kila asubuhi na kuzimika kila magharibi, na kwa kuwa sikujua nimlaumu nani, nilimlaumu fundi.

Nilikuwa nimeileta mwenyewe kutoka Walukuba, Jinja, nilikokuwa nikiishi, hadi nyumbani kwa mama huko Wanale, Mbale, chini ya ule mlima ambao mvua yake haina adabu. Mama alikuwa ametoka hospitali na kifua kibovu. Daktari alisema waziwazi: moshi wa makaa marufuku, baridi marufuku, na nimonia ikirudi hatanusurika. Basi sigiri ya makaa ikatolewa chumbani, hita ikaingia. Hita nayo ikitushinda, hatukuwa na kingine.

Fundi alikuwa askari mstaafu kutoka Kaskazini. Siku ya kwanza alipogonga mlango na kusema, "Fungua, Mama," nilimwona mama akishika ukingo wa kitanda. Jeshi alilotumikia huyu halikuwa lile lililotuingilia wakati wa vita, lakini masikioni mwa mama majeshi yote yalikuwa na sauti moja. Hakumtazama usoni.

"Mimi si afande tena, Mama. Mimi fundi tu."

"Ndiyo, afande," akajibu mama.

Kazi aliifanya, simnyimi haki yake. Alipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na maungio kutafuta gesi inayovuja. Hakikutoka hata kiputo. Alibadilisha regyuleta ya mtungi. Alileta mtungi mwingine. Asubuhi moto ulikaa, mama akakunja miguu karibu nao akitabasamu. Lakini jua lilipozama alifunga mlango na madirisha, kama alivyofanya tangu utoto wangu, na muda si muda moto ukafa, naye akabaki akikohoa na kulalamika kuwa kichwa kinamgonga.

"Subira huvuta heri," fundi akaniambia.

Nilimjibu kwamba heri hiyo na ije kabla mama hajaenda.

Jioni iliyofuata alikuja na koleo, akalala kifudifudi mbele ya hita. "Hii kitu kidogo ndio inazima moto," akasema. "Mimi nakata, naunganisha moja kwa moja. Haiwezi kuzima tena."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi, nikainama kummulikia kwa tochi. Tone la maji likaniangukia shingoni. Mvua ilikuwa imekatika, na bati letu halikuwa likivuja. Nikainua tochi. Ukuta ulikuwa unatoka jasho, na michirizi ya maji ilishuka kutoka kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha. Ndani ya matundu yale mlikuwa na matambara ya mama, yameloa chepechepe.

Yalikuwepo tangu vita. Kila mwaka kabla ya Ramadhani, tulipopaka chokaa, mama aliyatoa, akayafua, akayarudisha na kuyashindilia kwa mpini wa mwiko. Nilikua nikidhani ni sehemu ya ukuta.

"Usikate!" nikapiga kelele.

Fundi akaganda na koleo mkononi. Nikafungua mlango, nikapepea hewa iingie kwa leso, nikamwambia awashe. Moto ukashika. Tukaungoja ufe, haukufa. Kile kifaa alichotaka kukikata hakikuwa kibovu hata kidogo. Kilizima moto kwa sababu hewa safi chumbani ilikuwa inakwisha, na sisi tulitaka kukiondoa kisha tumfungie mama humo alale. 

"Matambara yatoke," nikasema.

"Hayatoki."

"Mama!"

"Baba yako aliwasha taa apate kusali Isha," akasema, akiutazama moto. "Mwanga ukapita kwenye matundu hayo. Waliokuwa barabarani wakauona."

Kwamba baba alichukuliwa na hakurudi, nilijua. Habari ya taa sikuwahi kuisikia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini mimi nilikuwa na hasira, maana niliona hofu hiyo ya unyasi ndiyo itakayomuua.

"Mama, bila hewa unakufa," fundi akasema taratibu.

Mama akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Afande, nenda usimame barabarani, pale askari wanaposimama. Na wewe, binti, yatoe. Aje atuambie kama tunaonekana."

Nikawasha taa, nikapanda kiti, nikayang'oa. Fundi akatoka nje kwenye giza lililoanza kuingia, akaurudisha mlango. Nikamwomba Mungu amtie uongo mdomoni, uongo mdogo tu.

"Hodi," akasema aliporudi. Nikamfungulia; alisimama nje ya kizingiti, kofia mkononi. "Naona, Mama. Mwanga inafika mpaka barabara."

Ningempiga na kile kiti. Mama akaitazama mikono ya yule mtu, kofia mkono mmoja, koleo mkono mwingine.

"Umetuona," akasema, "na bado umepiga hodi."

"Ndiyo, Mama."

"Basi karibu ndani, fundi. Binti, mtilie chai."

Nilimtilia chai, kisha nikachukua matambara kwenda kuyatupa. Nikajikuta barabarani, nikageuka. Nilizaliwa katika nyumba ile, nikalelewa humo, na sikuwahi kuiona kwa nje ikiwa na taa. Nilisimama palepale waliposimama wale, nikaitazama, nikalia.