“Ni Kweli” ya Wabwire Kizimbani

Nasambu amepika chai nje ya korti ya Makadara miaka kumi na mmoja. Mwulize sheria aliisomea wapi, atakuonyesha birika. Mawakili hunywa wakibishana, yeye humimina akisikiliza. Ndiyo maana anajua siku ya kesi kutajwa si siku ya kusikizwa, usisumbue mashahidi bure. Anajua pia dhamana si faini. Ukitii masharti, inarudi. Wewe mwenye digrii ukutani, ulijua? Haya, nyamaza unywe.

Jumatatu alimwona shemeji yake, Wabwire, akishushwa kwenye gari la polisi na pingu. Wabwire hubeba nyama pale soko la Burma. Askari walimshika na paja la ng'ombe, wakadai halina muhuri wa mkaguzi. Muhuri ulikuwa upande wa pili! Wanaume wanne wazima, hata mmoja hakuligeuza.

“Shemeji, wenzangu wa seli wanasema nikubali, yaishe leo.”

“Yaishe? Kukiri shtaka ni kusema ulitenda kosa! Na ile kazi ya ulinzi uliyoomba? Wakitaka cheti cha tabia njema utawaonyesha nini, ndevu? Kana! Ukikana, mzigo wa kuthibitisha ni wao.”

“Sawa, shemeji.”

Nasambu akamwachia Idil wa sambusa birika, akaingia kortini.

Karani akasoma shtaka. Ni kweli au si kweli? Sasa Wabwire alilelewa kwamba mkubwa aliyekaa juu yako humtupii “hapana” usoni. Unakubali kwanza, unaeleza baadaye. Akainamisha kichwa.

“Ni kweli, mheshimiwa, lakini...”

Kalamu ya hakimu ilishaanza kutembea. Damu ikampanda Nasambu. Mtu mzima anajifunga kwa adabu! Akasimama.

“Mheshimiwa, ana lakini!”

Watu wakacheka. Hakimu, mama wa miwani, hakucheka.

“Mama, kelele hapa ni kudharau mahakama. Unajua maana yake?”

“Najua, mheshimiwa. Ni seli. Ila mwulize kwanza hiyo lakini.”

Hakimu akamgeukia Wabwire. “Lakini nini?”

“Muhuri ulikuwapo, mheshimiwa. Upande wa chini. Hawakugeuza.”

“Basi hujakiri kosa lolote.” Akaandika kwamba mshtakiwa amekana, akampa dhamana. Kisha akataka kuona paja, maana ndilo kielelezo cha kesi. Askari akatazama viatu vyake.

“Wamekula!” Nasambu akafoka tena. “Kielelezo hakiliwi kwa kachumbari!”

Hiyo ilimgharimu: benchi la nyuma, kimya, mpaka saa saba.

Alipotoka, Wabwire alikuwa anamngoja penye birika, pingu hana.

“Siku ya kusikizwa,” Nasambu akamkabili, “mwendesha mashtaka akikwambia muhuri haukuwapo, utasema nini?”

Wabwire akatazama chini. “Si kweli.”

“Sikusikii.”

“Si kweli.”

“Tena!”

“Si kweli!”

Mawakili wawili wakageuka, vikombe mkononi. Nasambu akammiminia chai.